Kuni za Darasa la Nne

Jumatatu niliambiwa: Turfena, wiki hii usinunue kuni.
Madawati ya zamani yote yanatolewa nje,
wageni wanaleta mapya, ya chuma na mbao laini;
haya nusu yake mchwa wameshakula. Yapikie.

Basi nikayapikia.

Kampuni ya safari ilikuja na basi la vioo vyeusi.
Asubuhi inawapeleka watu wake kutazama jiwe la Kit Mikayi,
mchana inawashusha kwetu, Shule ya Msingi ya Kamrongo,
na brashi, na ndoo, na kofia pana,
mabega yameiva kwa jua.

Siwacheki. Mmoja, ajuza wa rika langu,
alisugua sakafu ya darasa la nne kwa magoti
mpaka nikaona haya kwa niaba ya sakafu.
Mwingine alipaka dirisha rangi, fremu na kioo pamoja.
Jioni, walipokwenda kulala Kisumu,
fundi Ogweno alikwangua kioo kwa wembe, bila neno,
kama mtu anayemfuta makamasi mtoto wa jirani.

Paa ni jipya. Hilo nalisema kwa sauti.
Mwaka jana mvua ikinyesha, hesabu ya mwalimu Aloyo
iliteremka ubaoni hadi sakafuni ikawa maziwa,
na watoto wakajifunza kujumlisha kwa ndoo.
Sasa mvua ni kelele tu. Halilowi daftari.

Lakini nilikuwa nasema habari za kuni.

Jumatano, nyoyo imeanza kutokota,
nilivuta ubao mwingine, nikainua shoka,
herufi zikanitazama:

OCHUKA

zimechongwa kwa bikari, O kama yai lililopasuka,
K imepinda mguu.

Naujua mguu ule.
Tulichapwa wote wawili siku hiyo,
yeye kwa kuchonga, mimi kwa kunyamaza.
Kaka yangu alifuata kazi ya miwa Muhoroni
na miaka kumi na minane na viatu vya kuazima,
na Muhoroni haijatueleza kitu tangu hapo.
Baba aliuza fahali akamtafuta.
Mama alimwekea sahani kila Krismasi,
halafu akaacha kuiweka, halafu akafa.
Picha yake hatuna hata moja.

Nikauficha ubao kifuani, ndani ya leso.
Papo hapo kijana wa kampuni akaja na kamera,
akaomba niinue mwiko, nitabasamu.
Nikatabasamu.
Picha ile ipo mahali, ng'ambo huko, najua:
mama mpishi mwenye kifua cha pembe nne.

Chakula kilichelewa kuiva. Kuni zilipungua moja.

Usiku nilimpelekea Ogweno. Alikuwa amepungukiwa
ubao wa kulaza chini ya dirisha,
upande ule usioonekana kutoka barabarani.
Akaulaza, herufi juu, akapiga misumari sita.
Hakuuliza. Nilipofungua fundo la leso nimlipe
akasema, jana ulinipakulia mara mbili.

Ijumaa bango lilisimamishwa getini:
jina la kampuni, tarehe, na twiga,
ambaye Seme nzima hajawahi kupita.
Makofi. Chifu akahutubu mpaka uji ukaganda.
Basi likaondoka, vumbi likabaki na wenyewe.

Sasa darasa la nne lina ubishi.
Mtoto wa Nyangweso anawaapia wenzake
kwamba Ochuka ndiye tajiri mwenyewe,
mwenye basi, aliyenunua mabati;
twiga kamweka nje aonekane na wapita njia,
jina lake kaliweka ndani, hapendi kujionyesha.

Nilikuwa napita na ndoo ya uji.
Sikumsahihisha.
Nilimjazia kikombe hadi ukingoni.